Maumivu Hayangoji Kisu

Miongoni mwa mambo ambayo viongozi wetu hupenda kuyataja wanapozungumzia maendeleo ya afya ni majengo, vitanda na mashine. Hatuna ugomvi na hayo. Nchi isiyo na majengo ya kutibia haiwezi kusema kwamba inapigana na adui maradhi. Lakini liko jambo moja ambalo halipigwi picha siku ya kukata utepe, nalo ni maumivu ya mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi tena. Leo tunakusudia kulisema jambo hilo. Tunawaomba radhi wasomaji wetu wa Visiwani kwamba tutawachukua kwanza mbali na bahari, hadi nyanda za juu za Kigoma, katika wilaya za Kasulu na Kibondo, kabla ya kuwarudisha Pemba. Sababu ya safari hiyo itaonekana mbele.

Makada wa Chama waliopata kutumwa upande ule wanaifahamu nchi ya Waha: vilima vinavyofuatana mpaka Burundi, migomba na maharage kandokando ya nyumba, mvua isiyo na ubahili, na udongo mwekundu unaonata miguuni. Ni wilaya zilizobeba mzigo mkubwa wa kindugu, kwani zilipokea wakimbizi wa Burundi baada ya machafuko ya mwaka 1993 na wakimbizi wa Kongo tangu mwaka 1996. Hospitali zipo. Iko hospitali ya wilaya pale Kibondo, iko Kabanga karibu na mji wa Kasulu, iko Heri katika eneo ambalo tangu mwaka 2012 ni wilaya ya Buhigwe, na iko hospitali ya mkoa ya Maweni mjini Kigoma. Akinamama wanajifungua humo, watoto wanatibiwa malaria, na mikono iliyovunjika inafungwa. Kabla hatujatamka neno la lawama, yafaa hilo litambuliwe.

Shida huanza pale ugonjwa usipopona. Chukua mfano wa mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ambaye amefika hospitali akiwa amekwisha kuchelewa. Ataelekezwa Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, katika jengo ambalo Wajerumani walilifungua mwaka 1897 na ambalo tangu mwaka 1996 ni makao ya Taasisi ya Saratani iliyoundwa kwa sheria ya Bunge. Kutoka Kibondo mpaka pwani ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Mwenye mbuzi huuza mbuzi, mwenye shamba huliweka rehani, na asiye na kitu hubaki nyumbani. Na hata yule aliyefika huko, aghalabu hurudi na maneno ya kwamba hakuna zaidi la kufanya.

Maneno hayo tunaomba yatazamwe vizuri, kwa maana kosa linaanzia hapo. Kutokuwapo la kufanya juu ya uvimbe si kutokuwapo la kufanya juu ya maumivu. Saratani iliyoingia katika mishipa ya fahamu ya nyonga huuma usiku na mchana. Mgonjwa halali, hali chakula, hawezi kuzungumza na watoto wake wala kuwausia. Majirani hupunguza kuja, si kwa ukosefu wa utu, bali kwa sababu kilio kile hakivumiliki masikioni mwa mtu asiye na la kusaidia. Mtu aliyeishi miaka hamsini kwa heshima hufa akiwa ameshughulishwa na jambo moja tu, yaani kuumwa.

Wataalamu wa dunia wamehangaika miaka mingi kutafuta namna ya kuyazima maumivu ya namna hiyo, na moja ya njia walizozipata ni operesheni iitwayo kordotomia. Msingi wake ni huu. Habari za maumivu, pamoja na za joto na baridi, hupanda kwenda kwenye ubongo kwa njia yake maalumu ndani ya uti wa mgongo, upande wa mbele ubavuni, tena zikiwa zimekwisha kuvuka, hata maumivu ya mguu wa kulia hupandia upande wa kushoto. Ukiikata njia hiyo pale inapopita, maumivu hayafiki kwenye ubongo, ilhali mguu unaendelea kutembea. Mwaka 1912 madaktari William Spiller na Edward Martin wa Philadelphia, Marekani, walitangaza habari za mgonjwa waliyemkata kwa kisu namna hiyo. Kwa nusu karne ilibidi mgongo ufunguliwe. Kisha mwaka 1963 Sean Mullan wa Chicago alionyesha kwamba sindano iliyopitishwa ubavuni mwa shingo inatosha. Miaka miwili baadaye Hubert Rosomoff akatumia joto la mawimbi ya redio kuiunguza njia ile kupitia ncha ya sindano. Na katika miaka ya 1980 Yücel Kanpolat wa Ankara, Uturuki, akaanza kuiongoza sindano hiyo kwa picha za siti skani. Mgonjwa huwa macho muda wote, akiulizwa na kujibu, ili daktari ajue amefika mahali penyewe na hajagusa pasipohusika.

Hatuandiki haya ili kuwastaajabisha wasomaji. Tunayaandika kwa sababu kila unapotajwa ugonjwa mkubwa, huinuka mtu kikaoni akasema kwamba kinachotakiwa ni mabingwa na mashine, na mazungumzo yakaishia hapo mpaka bajeti ya mwaka ujao. Mabingwa wa ubongo na uti wa mgongo tunao, na idadi yao inakua. Wapo katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, na hapa Unguja, katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, lilifunguliwa mwaka 2014 jengo la upasuaji wa namna hiyo kwa msaada wa wahisani kutoka Hispania. Lakini hata tungalikuwa na bingwa wa kordotomia katika kila mkoa, bado asingekuwa jibu la Kasulu na Kibondo. Operesheni hiyo humfaa zaidi mgonjwa anayeumwa upande mmoja wa mwili, na maumivu yawe chini ya bega. Ikifanywa shingoni pande zote mbili, iko khatari ya mgonjwa kuacha kupumua akiwa usingizini. Mguu waweza kulegea, na mkojo waweza kufunga. Tena kwa wengi maumivu hurudi baada ya mwaka mmoja au zaidi, na ndiyo maana hufanyiwa zaidi wale ambao umri wao uliobaki ni mfupi. Ni silaha ya mwisho, na ni ya wachache ambao dawa zimewashinda. Kabla ya kuuliza kisu kiko wapi, ni lazima tuulize kama hizo dawa zimekwisha kutolewa.

Dawa yenyewe inajulikana, nayo ni mofini. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa ngazi tatu: aanzishwe mgonjwa kwa dawa nyepesi za maumivu, zikishindwa aongezewe za kati, na zikishindwa hizo apewe mofini, dawa inywewe kwa mdomo, na itolewe kwa saa zake, si kungoja mpaka mgonjwa apige kelele. Mofini ya kunywa si dawa ya kifahari. Ni unga unaochanganywa na maji safi pamoja na kihifadhi, ukatiwa chupani. Haihitaji umeme, wala kitanda cha hospitali, wala safari ya Mwanza. Mgonjwa huinywa kila baada ya saa nne akiwa nyumbani kwake, akihudumiwa na binti yake au mkwewe, na muuguzi akipita kumtazama na kumpa dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga choo na asiyelijua hilo huiacha dawa njiani.

Jirani zetu wa Uganda wamelionyesha jambo hili kwa vitendo. Daktari Anne Merriman alianzisha huko mwaka 1993 shirika la kuwahudumia wagonjwa wasiopona, na mofini yake ya maji ikatiwa rangi kwa kadiri ya ukali wake, ya kijani iliyo hafifu, ya waridi iliyo kali, na ya buluu iliyo kali zaidi, ili asiyejua kusoma naye asikosee. Kisha mwaka 2004 Serikali ya Uganda ikachukua hatua ambayo sisi tunaiona kuwa kubwa kuliko rangi za chupa: iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya huduma hiyo kuandika mofini wao wenyewe. Umuhimu wa hatua hiyo anaujua kila mtu aliyekaa wilaya ya mbali. Wilayani daktari mwenye shahada ni wa kutafutwa, lakini muuguzi yupo, na tabibu yupo.

Kwetu pia safari imekwisha kuanza, na kutolisema hilo kungekuwa dhuluma. Ocean Road wametoa mofini ya maji kwa miaka mingi. Hospitali ya Teule kule Muheza na hospitali ya Selian mkoani Arusha zimejenga huduma za kumfuata mgonjwa mpaka kijijini, na neno tiba shufaa limekwisha kuingia katika lugha ya wauguzi wetu. Hata hivyo ramani ya huduma hiyo imefuata zaidi mahali palipokuwa na misheni yenye bidii au mhisani mwenye huruma, na wananchi wa Kibondo hawakuchagua kuzaliwa mbali na wahisani. Ukubwa wa tofauti hii duniani ulielezwa na Kamisheni ya jarida la Lancet mwaka 2017: katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikigawiwa duniani kila mwaka, nchi za kipato cha chini, ambazo Tanzania ilikuwa mojawapo wakati ule, zilipata tani 0.1 tu kwa pamoja. Kilo mia moja! Hiyo si bahati mbaya ya kijiografia. Ni unyonge wa aina ile ile ambao Azimio la Arusha liliukataa mwaka 1967, ila huu hauonekani kwa sababu mnyonge wake amelala ndani.

Tunajua jibu litakalotolewa na baadhi ya maofisa wenye dhamana. Watasema kwamba mofini ni jamii ya dawa za kulevya, kwamba sheria ya mwaka 1995 na ile ya mwaka 2015 iliyochukua nafasi yake ni kali, na kwamba mtu mwenye funguo za kabati huona ni salama zaidi kabati likiwa tupu. Kwa wasomaji wa Visiwani hofu hii si ya kubezwa. Tumewaona vijana wetu wakiangamia kwa unga katika mitaa ya Unguja na Pemba, na mzazi aliyezika mwana kwa sababu hiyo hatafurahi kusikia gazeti likipigia debe dawa ya ukoo ule.

Lakini hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu. Muhimbili tangu mwaka 2011, na Kidongo Chekundu hapa Unguja tangu mwaka 2015, zilianza kuwapa waathirika wa unga dawa ya methadoni, kikombe kwa kikombe, kila siku, mbele ya muuguzi, kwa jina na kwa daftari. Methadoni nayo ni ya ukoo ule ule wa mofini. Kama Serikali imeweza kumpimia kijana aliyeathirika dozi yake kila siku bila ya mji kuharibika, yashindikana vipi kumpimia bibi kizee wa Kasulu ambaye hawezi hata kuinuka kitandani? Mkataba wa dunia wa mwaka 1961 unaodhibiti dawa hizi una nyuso mbili, nao unakiri kwamba matumizi yake katika kuondoa maumivu ni ya lazima na kwamba nchi zihakikishe zinapatikana. Sisi tumeusoma uso mmoja kwa bidii kubwa.

Wako pia wasemao kwamba maumivu ni mtihani, na muumini hana budi kusubiri. Waliopitia chuoni watakumbuka somo tofauti. Mgonjwa huondolewa saumu mpaka apone, husali kwa kukaa, na akishindwa husali amelala. Dini yenyewe imempunguzia mgonjwa mzigo, basi ni nani sisi wa kumwongezea? Kuhusu katazo la vilevi, mafakihi wamekwisha kueleza hukumu ya dharura, na hapana dharura iliyo wazi kuliko hii. Subira ni sifa ya mgonjwa mwenyewe. Haiwezi kuwa sera ya idara.

Neno kordotomia lina maana ya pili, nayo ndiyo itakayotuvusha kutoka Kigoma hadi Pemba. Katika elimu ya koo, kordotomia ni kukata uzi wa sauti. Ndani ya zoloto mna nyuzi mbili zinazofunguka tunapovuta pumzi na kukutana tunaposema, na mishipa ya fahamu inayoziendesha hupita nyuma ya tezi ya shingoni. Mishipa hiyo ikijeruhiwa yote miwili, nyuzi hulala katikati zikiwa karibu kufungana. Ajabu yake ni kwamba sauti yaweza kubaki karibu na ya kawaida huku pumzi ikikosa pa kupita, na mgonjwa akakoroma kama mtu anayekabwa kila anapopanda kilima. Mwaka 1989 madaktari Dennis na Kashima walieleza namna ya kuukata uzi mmoja upande wa nyuma kwa mwali wa leza, kupitia mdomoni, ili kufungua njia. Mgonjwa hununua pumzi kwa sehemu ya sauti yake. Pasipo na leza, hubaki na tundu shingoni lenye mrija, wa kusafishwa kila siku katika nyumba isiyo na maji ya bomba na barabara inayotimua vumbi.

Mishipa hiyo hujeruhiwa wapi? Mara nyingi ni katika operesheni ya kuondoa tezi ya shingoni, na tezi huondolewa mara nyingi kwa sababu ya rovu lililokua mpaka likabana koo la pumzi. Na rovu kubwa kwa watu wa milimani lina asili inayojulikana, nayo ni upungufu wa madini joto, ambayo mvua za karne nyingi zimeyaosha kutoka katika udongo wa nyanda za juu. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, kiasi ambacho kwa maisha yake yote hakijazi kijiko cha chai. Akikikosa mama mjamzito, madhara hayaishii shingoni, kwani mtoto huzaliwa na akili iliyodumaa. Taifa letu halikulala juu ya jambo hili. Tangu katikati ya miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe ilisimamia ugawaji wa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi za Bara, na katika miaka ya 1990 zikatoka kanuni za kulazimisha chumvi itiwe madini hayo. Nyanda za Kigoma zina hata chumvi yao, ya chemchemi za Uvinza, iliyokuwa ikichukuliwa na misafara kabla ya Mjerumani kufika. Chumvi ikitiwa madini joto pale inapotoka, kisu cha shingo hakitahitajika kwa wengi, na leza isiyokuwapo haitatafutwa.

Basi ndugu zetu wa Visiwani wasidhani hiyo ni habari ya watu wa milimani. Kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba mla samaki hapati rovu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, uliofanywa na wataalamu wa pande zote mbili za Muungano, uliikanusha imani hiyo. Watoto wa skuli wenye rovu walikuwa asilimia 21.3 Unguja na asilimia 32 Pemba. Chumvi yenye madini joto ilikuwa katika asilimia 63.5 ya nyumba za Unguja. Pemba, ambako watu hujitengenezea chumvi kwa kuanika maji ya bahari, ilikuwa katika asilimia moja. Bahari ina madini joto, ila chumvi inayoanikwa hubaki na kidogo mno. Mkulima wa mwani wa Micheweni na mkulima wa maharage wa Kibondo, wasiopata kuonana, walikuwa wagonjwa wa ugonjwa mmoja. Hatusemi kwamba hali ya leo ndiyo ile ya utafiti ule. Tunasema kwamba hali ya leo ipimwe tena, na majibu yake yasomwe hadharani.

Afya si jambo la Muungano, na kila upande una Wizara yake, kwa hiyo tunazungumza na Serikali zote mbili. Matabibu na wauguzi waliofunzwa waruhusiwe kisheria kuandika mofini, kama Uganda ilivyofanya. Unga wa mofini ufike Kasulu na Kibondo, ufike Wete, Chake Chake na Mkoani, kwa utaratibu wa Bohari na si kwa hisani. Wapasuaji wetu waendelee kusomeshwa, na kordotomia zote mbili zipatikane katika hospitali moja au mbili za taifa kwa wale wachache ambao dawa na chumvi havikuwaokoa.

Na viongozi wa Chama katika wilaya wana kazi ambayo haingoji fedha za mwaka ujao. Kamati ya Siasa itakapokutana, Mganga Mkuu wa Wilaya aombwe kuja na vitu viwili. Aje na daftari la kabati la dawa za kudhibitiwa, lionyeshe ni chupa ngapi za mofini zilitoka mwezi uliopita na zilikwenda kwa wagonjwa wangapi. Na aje na mafungu matatu ya chumvi yaliyonunuliwa asubuhi ile katika soko la wilaya, yapimwe mbele ya wajumbe kwa tone la dawa ambalo huigeuza chumvi yenye madini joto kuwa ya rangi ya zambarau. Mambo hayo hayachukui zaidi ya robo saa, na mwandishi wa gazeti hili aruhusiwe kuwapo.